Izamal kwa wawili: mwongozo wa usiku mmoja katika mji wa Wamaya

Wawili wakishakata tiketi za Cancún, iwe kwa fungate, kwa kuadhimisha ndoa au kwa sababu tu nauli imeshuka, maswali yanayofuata ni yaleyale. Tukichoka na ufuko twende wapi? Wamaya si walishatoweka? Viza inakuwaje? Na chakula, hasa kwa sisi tusiokula nguruwe? Nayajibu yote hapa kwa kutumia mji mmoja: Izamal, katika jimbo la Yucatán nchini Meksiko, kilomita kama 70 mashariki ya Mérida, mji mkuu wa jimbo hilo.

Wamaya, wenyeji wa asili wa eneo hili, hawajatoweka. Sensa ya Meksiko ya mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya watu laki saba wanaozungumza Kimaya cha Yucatán. Sokoni Izamal mtakisikia kwa masikio yenu, akina mama waliovaa magauni meupe yaliyodariziwa maua wakiagana na wateja wao.

Ushauri wangu mkubwa nautoa mapema: laleni pale. Wageni wengi huteremshwa mchana wa jua kali wakitoka Chichén Itzá, magofu maarufu ya Wamaya, wanapiga picha kwenye ukuta wa njano, wananunua soda, wanaondoka. Mji wenyewe hufunguka jua likishapungua makali, na tena asubuhi na mapema. Mwongozo huu basi ni wa kufika mchana wa siku ya kwanza na kuondoka mchana wa siku ya pili.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Pasipoti mbili, na viza au vibali vyenu (hatua ya 2).
- Peso taslimu, noti ndogondogo. Noti ya 500 humpa muuza matunda kazi ya kuzunguka soko zima akitafuta chenji. Gawaneni fedha na kadi, msibebe zote katika mkoba mmoja.
- Viatu vyenye soli inayoshika. Ndala ziacheni hotelini.
- Kofia, dawa ya mbu, chupa za maji. Maji ya bomba hayanywewi. Nunueni ya chupa.
- Kanga au mtandio mmoja. Utafunika mabega kanisani, utazuia jua njiani na utakuwa shuka kwenye basi lenye kiyoyozi cha kugandisha.
- Maneno machache ya Kihispania. Kiingereza mtakipata kwenye baadhi ya hoteli, sokoni msikitegemee.
- Ramani ya eneo iliyopakuliwa kwenye simu, kwa kuwa mtandao hukatika njiani.

Hatua kwa hatua

1. Chagueni msimu. Novemba hadi Machi ndio wakati mzuri: hakuna mvua nyingi na joto linavumilika. Aprili na Mei ni tanuri, nyuzi 38 si habari. Mvua huanza Juni, na msimu wa vimbunga ni kuanzia Juni hadi mwisho wa Novemba. Angalizo moja ambalo wengi hawalijui: tarehe 8 Desemba ni sikukuu ya Bikira Maria wa Izamal, msimamizi wa Yucatán yote, na mahujaji hufurika mjini. Mkitaka kuiona ibada hiyo, ni wakati wake. Mkitaka utulivu na chumba cha bei ya kawaida, sogezeni tarehe.

2. Malizeni suala la viza, kila mtu na yake. Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda wanahitaji viza ya Meksiko. Ubalozi uko Nairobi. Lakini mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au Schengen, au mwenye ukaazi wa kudumu katika nchi hizo, huruhusiwa kuingia Meksiko kwa utalii bila viza nyingine, hadi siku 180. Utaratibu hubadilika, kwa hiyo pitieni taarifa za ubalozi kabla ya kulipa nauli.

Hapa ndipo wanandoa wengi hukwama: viza ya mume haimfuniki mke, wala ya mke haimfuniki mume. Kama mmoja ana kadi ya ukaazi wa Marekani na mwenzake amekuja juzi kwa viza ya kuingia mara moja, kutoka ni rahisi, kurudi ndiko kwenye kazi. Hakikisheni wote wawili mnaweza kurudi mlikotoka. Kwa wanaoanzia Afrika Mashariki, mkipitia kiwanja cha Marekani mtahitaji viza ya Marekani hata kama ni kubadilisha ndege tu. Wasio nayo hupitia Ulaya.

Mkitua uwanja wa ndege, kabla hamjaondoka dirishani, someni idadi ya siku alizowaandikia afisa wa uhamiaji. Akiandika siku saba na ndege yenu ni ya siku ya kumi, ni rahisi kusema pale pale kuliko baadaye.

3. Rekebisheni saa. Cancún iko jimbo la Quintana Roo na Izamal iko Yucatán, na Cancún iko mbele kwa saa moja, mwaka mzima. Wakati wa kwenda mnapewa saa ya bure. Wakati wa kurudi mnanyang'anywa, na hapo ndipo watu huachwa na ndege. Simu hujibadilisha yenyewe mkivuka mpaka wa majimbo, ila saa ya mkononi haijui kitu. Kwa wanaotaka kupiga nyumbani: saa sita mchana Nairobi au Dar ni saa tisa usiku Izamal. Tiketi za basi huandikwa kwa mfumo wa saa 24, yaani 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Saa zote nilizoandika humu ni za Kiswahili.

4. Wekeni chumba, na muulize kitanda. Huko *habitación doble* mara nyingi ni chumba chenye vitanda viwili. Mnaotaka kitanda kimoja kikubwa ombeni *cama matrimonial*. Wa fungate wakikosea neno hilo hulala wakiangaliana kama wanafunzi wa bweni.

Ulizeni pia kama kuna kiyoyozi au feni tu. Tafuteni chumba kisichozidi mitaa mitano kutoka uwanja wa katikati, ili usiku mrudi kwa miguu. Vyumba vingi vya Yucatán vina kulabu za chuma ukutani. Ni za kutundikia machela, vile vitanda vya kuning'inia. Mkipewa machela, lalieni kwa mshazari, miguu upande mmoja na kichwa upande mwingine, mgongo unyooke. Mkilala kwa urefu wake mtaamka mmekunjika kama ndizi.

5. Chagueni njia ya kufika.

*Kutoka Mérida kwa basi.* Hii ndiyo rahisi na ndiyo ninayopendekeza. Nendeni kituo cha Noreste, si kile kituo kikubwa cha mabasi ya daraja la kwanza. Safari huchukua kama saa moja na nusu kwa sababu basi huingia vijijini. Kaeni upande wenye kivuli.

*Kutoka Cancún.* Ni mbali, zaidi ya kilomita 250. Msijaribu kwenda na kurudi siku moja kwa basi. Nusu ya siku itaishia kwenye kiti. Afadhali mkatize safari Valladolid, mji ulio njiani.

*Kwa treni.* Tren Maya ilianza kubeba abiria kati ya Campeche na Cancún Desemba 2023, na Izamal ina stesheni yake. Kosa la kawaida ni kudhani stesheni iko mjini. Iko nje, kwa hiyo mpangieni usafiri wa kuwafikisha katikati, hasa kama mnafika jioni.

*Kwa gari la kukodi.* Bima ya kufidia mtu wa tatu ni ya lazima kisheria Meksiko, na bei nzuri ya mtandaoni mara nyingi haina bima hiyo. Ulizeni bei kamili kabla ya kutoa kadi. Barabara ya kulipia kati ya Cancún na Mérida ni nzuri ila vituo vya mafuta ni vichache, na pale pa kulipia peso taslimu ndizo za uhakika. Mkishatoka hapo, adui ni matuta. Huyaita *topes*, yapo kila kijiji, mengine hayana alama wala rangi. Msiendeshe usiku. Penye mafuta, hakikisheni mashine inaanza na sifuri.

Njiani angalieni kandokando: mimea yenye majani kama mikuki mtaijua mara moja, hasa mliokulia Tanga au Morogoro. Yucatán ilitajirika kwa katani katika karne ya 19, na miche ya mkonge iliyoanzisha mashamba yetu asili yake ni huku. Mjerumani Richard Hindorf aliiagiza kupitia Florida mwaka 1893, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu.

6. Jifunzeni kusoma anwani. Mitaa haina majina, ina namba. Namba shufwa huenda kaskazini na kusini, namba witiri mashariki na magharibi. Anwani "Calle 27 x 26 y 28" maana yake ni mtaa wa 27, kati ya wa 26 na wa 28. Mkishaielewa hamhitaji kumuuliza mtu, na ujuzi huohuo utawafaa Mérida na Valladolid.

7. Jioni ya kwanza, ingieni kwenye konventi. Fikeni kama saa kumi na nusu, jua likianza kulala. Ni konventi, yaani nyumba ya watawa, ya Wafransisko ya San Antonio de Padua, iliyojengwa kati ya 1549 na 1561 juu ya kitako cha piramidi ya Wamaya. Ndiyo maana mnapanda kwenda uani, ilhali mji wote ni tambarare. Ua wenyewe ni mpana ajabu, umezungukwa na matao 75, na nyasi katikati.

Msipite mbio. Katika kuta za ndani tafuteni mawe yaliyochongwa mistari ya kuzungukazunguka, ya pembepembe. Hayo yalitoka kwenye hekalu lililobomolewa, waashi wakayapachika humu kama matofali ya kawaida. Sogeeni karibu, mtaona jiwe moja limelazwa ubavu, nakshi yake haikutani na ya jirani yake.

Nje mtakuta sanamu ya Diego de Landa, padre aliyesimamia ujenzi. Ndiye huyo aliyechoma vitabu vya Wamaya kule Maní mwaka 1562. Msishangae kumkuta amesimamishwa katikati ya watu aliowachomea vitabu. Mji huu umejaa mambo ya namna hiyo.

Mkiuliza kwa nini majengo yote ya katikati ni ya njano, mtapewa majibu mawili: kwamba yalipakwa kwa ajili ya ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili Agosti 1993, au kwamba ni rangi ya jua na ya mahindi. Mimi huyasikiliza yote mawili.

Vigari vya farasi hupanga foleni karibu na uwanja, farasi wakiwa wamevishwa kofia. Patana bei kabla ya kupanda, na kubalianeni ni kwa gari zima au kwa kila kichwa. Jioni ni wakati wake. Mchana wa jua mhurumieni mnyama.

8. Asubuhi, piramidi. Kinich Kak Moo iko mtaa wa 27, katikati ya nyumba za watu. Hufunguliwa saa mbili asubuhi na kuingia ni bure. Muwe mlangoni saa mbili, si saa nne. Ni miongoni mwa piramidi kubwa kabisa za Meksiko: kitako chake ni kama mita 200 kwa 180, na urefu wake ni kama mita 34. Tofauti na Chichén Itzá, ambako kupanda kumepigwa marufuku, hapa watu hupanda.

Mtakachokutana nacho ni hiki. Ngazi za kwanza ni mawe makubwa yasiyolingana, mengine yanafika gotini. Mkifika juu mtajipongeza, kisha mtagundua mmesimama kwenye uwanda mpana wenye nyasi na miti, na piramidi ya pili iko mbele yenu, imekaa juu ya ya kwanza. Vukeni uwanda, mpande tena. Kileleni mtaona minara ya njano ya kanisa, mapaa ya mji, halafu msitu tambarare hadi upeo wa macho, pasipo kilima hata kimoja. Uvimbe wowote wenye miti mtakaouona katikati ya nyumba ni piramidi nyingine. Itzamatul na Kabul ni mbili kati yake.

Kushuka ndiko kunakoumiza watu. Shukeni kwa ubavu, mguu mmoja baada ya mwingine, simu mfukoni. Asiyetaka kupanda asilazimishwe kwa jina la mapenzi. Mke wangu huishia uwanda wa kwanza, kwenye kivuli cha mti, na hajawahi kujuta.

9. Kuleni, lakini ulizeni kwanza. Vyakula vya Yucatán vina ladha tunazozijua: danzi, zingefuri, mahindi, mbegu za maboga, na pilipili ya *habanero* ambayo ni ndugu wa pilipili mbuzi wetu. Huletwa pembeni kwenye kibakuli. Chovyeni ncha ya kijiko, msijifanye mashujaa.

Kwa wasiokula nguruwe, hapa pahitaji umakini. *Cochinita pibil* na *poc chuc* ni nguruwe, hilo liko wazi. Kilichojificha ni mafuta yake, *manteca*, ambayo huingia kwenye maharage ya kusaga, kwenye tamale (unga wa mahindi uliofungwa na kupikwa ndani ya majani), na mara nyingine kwenye kikaango. *Panucho*, ile tortila (chapati ya mahindi) iliyojazwa maharage, huwakamata wengi kwa njia hiyo, hata kama juu yake pamewekwa kuku. Semeni: *Sin cerdo y sin manteca, por favor.* Kisha ulizeni tena kwa chakula chenyewe: *¿Lleva manteca?*

Penye usalama zaidi ni *papadzules*, yaani tortila zilizofungwa mayai ya kuchemsha na kumwagiwa mchuzi wa mbegu za maboga; *sikil p'aak*, mbegu hizohizo zilizosagwa na nyanya, mnachovya tortila; na *sopa de lima*, supu ya kuku au bata mzinga yenye ndimu. Nyama ya kuku haitakuwa imechinjwa kihalali, kwa hiyo anayelizingatia hilo abaki na mayai, mboga na samaki. Bakshishi ni asilimia 10 hadi 15 mkikaa mgahawani. Bili haiji mpaka muiombe: *la cuenta, por favor*. Mhudumu hajawasahau, kwao kuileta bila kuombwa ni kama kuwafukuza.

10. Nunueni kwa anayetengeneza. Kijiji cha Kimbilá, kilomita chache magharibi ya Izamal, kinajulikana kwa nguo za kudarizi. Kabla ya kulipa, igeuzeni nguo ndani nje. Darizi ya mkono huonyesha mafundo na nyuzi zinazoruka kutoka ua moja hadi jingine. Ya mashine upande wa nyuma umebanana na kulingana. Zote ni kazi halali, ila bei haziwezi kuwa sawa. Kupunguziwa kidogo kunaombwa kwa upole. Kushusha bei hadi nusu, kama mtu aliye mnadani, ni kumdharau mama aliyekaa wiki nzima kwenye nguo moja.

Salamu hufungua milango kuliko fedha. Asubuhi semeni kwa Kimaya *Ma'alob k'iin* (siku njema), na mkishahudumiwa, *Dios bo'otik* (asante). Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na mkikataliwa teremsheni simu.

Mambo yakienda mrama

*Basi limeondoka.* Ulizeni kuhusu *colectivo*, vile vigari vinavyoondoka vikijaa, kama matatu au daladala. Jioni hupungua, kwa hiyo msingoje basi la mwisho.

*Mashine ya fedha imekataa kadi.* Jaribuni kiasi kidogo, kisha kadi ya mwenzako. Mashine ikiwauliza kama mnakubali kiwango chake cha kubadilisha fedha, kataeni. Benki yenu itabadilisha kwa nafuu. Bado hakuna kitu? Ndiyo maana ya kufika na taslimu kutoka Mérida au Cancún.

*Kichwa kinauma, kichefuchefu, jasho limekata.* Ni joto. Kaeni kivulini, loweka kanga uweke shingoni, kunyweni maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini. Duka la dawa huziita *suero*. Akichanganyikiwa au kuzimia, pigeni 911, ni namba ya dharura Meksiko nzima.

*Tumbo limevurugika.* Dawa ni hiyohiyo ya *suero*, na wali mkavu. Kukiwa na damu au homa kali, nendeni kwa daktari. Na vyooni, karatasi hutupwa kwenye ndoo iliyo pembeni. Ukiitumbukiza ndani, bomba litaziba, nawe utalazimika kumweleza mwenye nyumba kwa Kihispania.

*Mvua imenyesha usiku.* Msipande piramidi asubuhi hiyo, mawe huteleza. Anzeni na soko, mpande kama saa nne mawe yakishakauka, na maji ya kutosha.

*Konventi imefungwa au kuna misa.* Misa ikiendelea, kaeni nyuma kimya au mzunguke kwenye matao. Msipite mbele na kamera. Siku za harusi ua hujaa wageni, na mtapata burudani ambayo hamkuilipia.

*Mmegombana.* Hutokea, hasa saa saba mchana, njaa na jua vikikutana. Mmoja aende kwenye kivuli cha uwanja akanunue *marquesita*, ile kaki nyembamba iliyoviringishwa na jibini ndani, kama mikokoteni yake imeshatoka. Kwa kawaida hutoka jioni, kwa hiyo mchana itabidi mridhike na embe lililokatwa na kunyunyiziwa pilipili.